Gari la Maiti Lililolala Upande

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko machimboni, na kwamba dereva wa lori la saruji ataifikisha kabla hajaigeuza kitambaa cha kupimia oili.

Sisi hatujambo. Mama mzima, ila anayalaumu magoti na magoti yanamlaumu yeye. Pacha wa kaka wameota meno na wanayafanyia majaribio kwa wageni. Baba naye mzima, sauti tu ndiyo imeongezeka. Siku hizi akiomba chumvi mezani, jirani anatoka nje kuangalia nani kavamiwa na wezi.

Naandika kwa sababu simu ya nyumba hii si simu, ni redio. Mama akipokea tu anaweka spika, na baba hakosi kuwa hapo. Jambo lenyewe sitaki alisikie.

Ni lile gari la maiti alilonunua mwaka juzi, refu, jeusi, lenye mapazia. Dereva ni mimi. Nyuma halina springi za chuma kama magari ya watu wenye akili. Lina mifuko miwili ya mpira iliyojaa upepo, mmoja kila upande, na kikompresa kinachoipuliza kila nikiwasha. Likiwa zima linaelea. Maiti hajui kama kuna mashimo barabarani.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kumzika fundi cherehani mmoja mstaafu. Nikaegesha nje ya nyumba ya msiba, hotuba zikachukua saa tatu. Kutoka nje nakuta gari limekaa chini upande wa kushoto, kama mbuzi aliyekataa kwenda mnadani. Tukaingiza jeneza, likateleza lenyewe kwenye zile roda za sakafuni za kulisukumia ndani, likagonga ubavu wa kushoto: ko. Mjane akasema, "Mwacheni. Miaka arobaini alikuwa anaelekea upande huo huo. Baa ilikuwa kushoto."

Watu walicheka hadi wakasahau wamefiwa. Aliyenuna ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alinivuta pembeni akasema wakirudia kuona kituko kama kile, watatafuta gari la watu wengine.

Baba, kwa ufundi wake wote wa gereji, anasema ni kompresa. Mimi sina uhakika. Wewe ni mkuu wa mafundi wa malori yenye breki za upepo, kwa hiyo upepo unaujua. Nisaidie, na usimwambie baba. Najua hamsemezani, lakini nasema tu. Sababu yenyewe sijawahi kuambiwa.

Mpwa wako,
Kidomo


1 Machi

Kidomo,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na alama ya kiatu, lakini inasomeka. Namshukuru Mungu nyote mko salama. Mwambie wifi yangu magoti hayana kosa, yamebeba kilichopo. Hapa kwetu mpishi wa kambi amehama na nafasi yake kapewa jamaa aliyekuwa anachomelea vyuma. Chakula chake kinaonyesha. Kazini kwema.

Sasa gari. Kompresa kazi yake ni kupuliza. Ndoo ikivuja hukimbilii kubadilisha bomba. Jua kwanza upepo unatokea wapi.

Liegeshe mahali tambarare. Chukua futi, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bati lililo juu yake, uandike kwa chaki hapo hapo. Kisha liache mpaka kesho yake. Usiwashe, usifungue hata mlango, maana mengine ukifungua mlango tu yanaamka na kujipuliza, halafu yanakudanganya. Kesho pima tena. Nyuma kukishuka pande zote sawa, tatizo liko mahali zinapochangia: kompresa, au lile boksi la vali linalogawa upepo. Kukishuka kushoto peke yake, ni mfuko wa kushoto, bomba lake au vali yake. Kompresa umeshaiondolea lawama.

Halafu sikiliza. Ngoja wakati hakuna kelele uwanjani, uinamishe kichwa karibu na gurudumu. Mpira uliochanika unasema sss. Kiungio cha bomba kilicholegea kinasonya kama mke aliyeletewa wageni bila taarifa. Hapo mwachie baba yako. Yule mtu ana masikio ya panya. Niliwahi kumwona amesimama ng'ambo ya barabara anatafuna muwa, akamwambia dereva wa teksi plagi yake ya tatu imekufa. Alisema kweli, na yule dereva hakumsamehe.

Kuhusu kutosemezana, hilo halienei kwenye karatasi hii.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima, isipokuwa pacha mmoja kamng'ata daktari wa chanjo na mwingine anaona wivu. Mama anasema magoti yake hayakusalimii.

Nilipima kama ulivyosema. Mbele hakuna kilichobadilika. Nyuma kulia, vilevile. Nyuma kushoto kumeshuka vidole vinne. Nikaja kumwonyesha baba ile chaki, nikakuta amekwisha kubadilisha kompresa.

Nikamwambia, "Baba, tusikilize." Akalala chini kwenye boksi lake, akaweka sikio karibu na gurudumu, akafumba macho kabisa. Mimi nimesimama hatua tatu nyuma na naisikia, sss, wazi kabisa.

"Hakuna kitu," akasema.

"Baba, mbona mimi naisikia?"

"Hilo ni tumbo lako. Nenda ukale."

Kompresa mpya ikafanya kazi kama punda wa kuazima. Ukiwasha gari inanguruma hadi ufike, haipati kupumzika. Siku ya nne ikanuka, siku ya sita fyuzi ikakatika, na siku ya sita ndiyo tulikuwa tunamzika mwalimu mkuu mmoja wa zamani. Kwenye geti la makaburi kuna tuta. Gari limeshalala, bampa likakwaruza lile tuta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi, wakasimama wima wote. Mmoja aliniambia baadaye kwamba ile ni sauti ya chaki yake ubaoni.

Baba alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikamuuliza, "Umesikia hiyo?" Akasema, "Endesha, liko sawa."

Mwenyekiti hakunung'unika safari hii. Misiba miwili iliyofuata ameita gari jingine, basi.

Na kuna mengine. Juzi mteja kaleta gari ambalo ekzosi yake inapiga kelele mtaa mzima. Baba akafungua boneti, akalitazama sana, akakaza mkanda wa feni ambao haukuwa na kosa, akalirudisha. Ukimwita kwa nyuma haitiki. Mama anasema ni kiburi cha uzee. Nikimkosoa ananiambia amefungua magari kabla mimi sijafunguliwa nepi.

Kidomo


2 Mei

Kidomo,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu lori la saruji lilikata ekseli na dereva akakaa nalo porini siku tisa, barua yako mfukoni. Anasema ameisoma, na anawasalimu.

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Baba yako hasikii.

Si kiburi. Kiburi alizaliwa nacho, nakijua, hakifanani na hiki. Sss ya upepo ni sauti nyembamba, na nyembamba ndizo zinazotangulia kwenda. Mtu anabaki anasikia radi na mama yako. Ndiyo maana anapiga kelele, ndiyo maana anabadilisha vitu kwa kubahatisha. Fundi wa masikio asiyesikia ni mpishi asiyeonja. Atakufa kabla hajakiri. Na wewe ulikuwa unaogopa spika ya simu. Ungepiga tu.

Sasa fanya hivi. Chukua ndoo ndogo, maji, sabuni ya kuoshea vyombo, kaburashi laini. Gari likiwa limejaa upepo, paka ule mfuko polepole, hasa pale chini unapojikunja, maana mpira huchoka kwenye mkunjo. Paka kiungio cha bomba. Paka boksi la vali. Usimwage kama unaogesha mbwa. Kisha ngoja. Panapovuja patatoa povu. Usipoona kitu, nyanyua gari kidogo kisha urudie, kwa sababu ufa wa kwenye mkunjo unaweza kujificha gari likiwa chini na kufunguka likiwa juu. Mwite baba yako atazame. Povu halihitaji sikio.

Jambo moja sitalirudia. Usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikwa na upepo. Upepo haushiki kitu. Weka jeki, weka na stendi za chuma, tikisa gari kwa mikono miwili, ndipo uingie. Usiniulize najuaje.

Ulisema hujawahi kuambiwa sababu ya kutosemezana. Miaka kumi na moja iliyopita nilifunga injini ya gari la bluu la mteja wetu, siku nne, peke yangu, baba yako ana homa. Mteja alipokuja kulichukua, akaliwasha, likawaka kama limezaliwa jana. Akauliza nani kaifunga. Kaka yangu akasema, "Mimi. Huyu dada ananioshea spana." Mimi nimesimama pale pale, grisi hadi kwenye viwiko.

Ni hilo tu. Sikupigwa, sikufukuzwa. Kesho yake nikafunga begi.

Shangazi yako


6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliificha kwenye mfuko wa aproni siku kumi kabla sijathubutu. Nilikukasirikia, kusema kweli. Unakaa huko mbali, hujamwona miaka yote hiyo, halafu unaniambia mimi ninayekula naye kwamba hasikii. Kisha nikafanya jaribio la kijinga. Nilisimama nyuma yake nikamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba nimelitumbukiza gari mtoni. Akaendelea kupanga nati.

Jumapili, baada ya chai, nikaleta ndoo. Nikaweka jeki na stendi, nikatikisa, nikapaka. Mkunjo wa chini, hakuna. Kiungio, hakuna. Nikanyanyua vidole viwili, nikapaka tena. Povu likaota kwenye mkunjo, dogo dogo, halafu likawa kubwa kama mtoto anapuliza mate. Nikamgusa bega.

Akainama. Akatazama muda mrefu. Akaweka kidole juu ya lile povu, likapasuka, likaota jingine.

"Nani kakufundisha?" akauliza, na safari hii hakupiga kelele.

"Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye karatasi."

Akanyoosha mkono. Shangazi, sikuwa na ujanja wowote uliobaki, nikampa barua yako. Akaisoma yote akiwa amesimama, na pale ulipomwandika yeye, na pale kwenye gari la bluu. Akaikunja vizuri kuliko ilivyokuja.

"Mwandiko wake bado ni wa kuku," akasema.

Akakaa kwenye boksi. Nikakaa chini. Akaniambia sikio la kushoto lilikwenda tangu mwaka jana, na la kulia analisikia kama mtu anayeongea ndani ya godoro. Alikuwa anashika injini kwa mkono apate mtetemo, na wateja wakadhani anaibariki. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Ningewaambia mngenihurumia. Mama yako akinihurumia ananipikia uji." Tukacheka, kisha akafuta macho kwa kitambaa cha oili na kujipaka masizi usoni, tukacheka tena. Mama alitoka kuuliza nani kafa.

Mfuko mwingine tumeupata na tumeufunga. Alinielekeza, mimi nikashika spana. Gari limenyanyuka vizuri, kompresa inapumua kidogo na kunyamaza kama inavyotakiwa. Lakini hadi kesho yake linashuka kidole kimoja. Tumepaka sabuni, mfuko mpya hautoi kitu. Povu linatoka pale bomba linapoingia kwenye mfuko. Baba kalichomoa na kulirudisha mara tatu. Jana akaniambia, "Mwulize." Sikumwuliza nimwulize nani.

Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao kuna mazishi ya mama wa yule mwenyekiti wa kamati; mwili uko mochari, wanasubiri ndugu walio ng'ambo. Amekuja mwenyewe. Amesema anatupa nafasi ya mwisho kwa sababu mama yake alikuwa hapendi kutikiswa.

Kidomo


30 Juni

Kidomo,

Marahaba, na pole kwa zile siku kumi. Ningekuwa wewe ningekasirika mwaka mzima, tumezaliwa hivyo.

Lile bomba mlilikata kwa kifaa gani mlipofunga mfuko mpya? Mmelikata kwa plaizi, najua, kwa sababu kaka yangu anakata kila kitu kwa plaizi, hata kucha. Plaizi inabana bomba la plastiki, mdomo unakuwa yai badala ya duara, na ule mpira mdogo wa duara ulio ndani ya kiungio hauwezi kulishika yai. Toeni upepo wote kwanza. Vaa miwani. Chukua wembe mpya, kata kipande kidogo, wima kabisa, usikate kimshazari. Badilisha ule mpira mdogo. Chovya mdomo wa bomba kwenye maji ya sabuni, tia alama ya kalamu ujue limeingia kiasi gani, sukuma hadi likatae, kisha livute kidogo uone limeshika. Jaza upepo taratibu kabla hujaachia uzito wote wa gari, la sivyo mfuko mpya utajikunja vibaya na mtarudi mlikotoka.

Umeniandikia ukweli wa baba yako, kwa hiyo na mimi nikupe wa kwangu. Mimi si mkuu wa mafundi. Nilikuwa, mwaka mmoja. Miaka mitatu iliyopita nilijiingiza chini ya basi la wafanyakazi lenye mifuko ya upepo, bila stendi, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilikuwa najua kila kitu. Bomba likachomoka. Mwili ulipona kwa kuwa mimi ni mwembamba. Mkono wa kushoto haukuwahi kutoka wote. Nimebaki na vidole vitatu upande huo, na viwili kati ya hivyo ni mapambo.

Tangu hapo nipo stoo. Nagawa spana kwa vijana na kuandika nani kachukua ipi. Yaani lile alilomwambia yule mteja, nimekuja kulifanya kweli. Ndiyo sababu sikurudi. Hasira ziliisha zamani, mwaka wa saba au wa nane hivi. Nilichokuwa naona aibu ni kurudi nikiwa mwosha spana.

Yeye hasikii, mimi sishiki. Ukituunganisha unapata fundi mmoja na kiporo.

Mwonyeshe ukitaka.

Shangazi yako


25 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nilimwonyesha. Alisoma pale kwenye vidole, akarudia, kisha akaenda kukaa ndani ya gari la maiti, nyuma, kwenye zile roda, akafunga mlango. Mama akasema mwacheni, anajaribu saizi.

Alipotoka alitafuta wembe. Nilikata mimi, wima, yeye ananishikia tochi. Mdomo wa zamani tuliulinganisha: yai kabisa. Tumepaka sabuni, kavu, hakuna povu hata la dawa. Siku tatu chaki haijasogea hata unywele.

Mama wa mwenyekiti tumemzika Jumamosi. Gari lilisimama nje saa nne nzima, kwa sababu familia ile inapenda kusema, na lilipotoka lilitoka kama meza. Kwenye lile tuta la makaburini niliingia kwa gia ya kwanza. Tukapita. Mwenyekiti akaja dirishani akamwambia baba kitu, baba akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa. Njiani akaniuliza, "Alisemaje?" Nikapaza sauti, nikamwambia alishukuru. Akasema, "Sawa. Nilidhani anataka punguzo."

Hospitali amekubali kwenda, mwezi ujao, wampime kwa ajili ya kile kifaa cha kuvaa sikioni. Amekubali kwa sharti kwamba mama asipike uji.

Hapa chini kaandika mwenyewe. Sijabadilisha kitu.

Kidomo

*Dada,*

*Ni kweli nililikata kwa plaizi.*

*Yule wa gari la bluu nilimwambia uwongo. Injini ile uliifunga wewe. Imetembea miaka tisa haijafunguliwa, kila mwaka alikuwa anakuja kunishukuru na kila mwaka nilikuwa naitikia. Niliogopa kwamba akijua, wateja wote watakutaka wewe. Wangekuwa na haki.*

*Wembe unashikwa na vidole viwili. Nimejaribu.*

*Kitanda cha chumba cha nyuma nilikuwa nimekiwekea matairi. Nimeyatoa.*

*Kaka yako*


12 Agosti

Kidomo,

Marahaba. Wasalimie wote, na pacha uwafunge midomo kabla sijafika.

Nimeomba likizo, ya kwanza tangu nihamie stoo. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika sababu. Karani aliniuliza ni harusi au msiba. Nikamwambia ni gari. Akauliza gari gani linalohitaji mwezi mzima. Nikamwambia la maiti. Akagonga muhuri bila kuinua kichwa.

Mwezi ukiisha nitaona. Stoo haitanililia, na spana zote zimerudi isipokuwa moja ambayo nimeichukua mimi.

Dereva wa saruji akishaleta barua hii, safari yake nyingine atanishusha kwenu, Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao asubuhi. Anasema anawajua nyote kupitia barua na anaomba aonyeshwe lile tuta. Msije kunipokea, mzigo wangu ni begi moja.

Ila kaka mwambie anisubiri uwanjani, amesimama, sikio la kulia likiwa upande wa geti. Nina maneno ya miaka kumi na moja, na sitaki kuyarudia.

Shangazi yako